Vietnam: Kura Iliyokataliwa na Amani ya Funika Kombe

Mwishoni mwa mwaka 1968 na mwanzoni mwa 1969, wanadiplomasia wa pande nne walikaa Paris wiki nyingi wakigombania meza. Ajenda hawakuwa wameifikia bado. Hanoi, yaani serikali ya kikomunisti ya Kaskazini, ilitaka meza ambayo kila mmoja wa wanne ana nafasi sawa na mwenzake. Saigon, serikali ya Kusini iliyosaidiwa na Marekani, ilisema haiwezekani, pande ni mbili tu, kwa sababu kuwakalisha Umoja wa Ukombozi wa Taifa, waasi wa Kusini ambao Wamarekani waliwaita Viet Cong, kwenye upande wao peke yao kungekuwa kukiri kwamba nao ni wenye nchi. Mwafaka ulipatikana katikati ya Januari: meza kubwa ya duara isiyo na bendera wala vibao vya majina, na meza mbili ndogo za pembe nne zinazotazamana, kila moja ikiwekwa sentimita 45 kutoka ile kubwa. Mtu alipima hizo sentimita. Wakati anapima, Marekani ilikuwa na zaidi ya wanajeshi nusu milioni Vietnam, na majeneza yalikuwa yanapakiwa ndegeni kila wiki.

Wengi hukisimulia kisa hiki wakicheka. Mimi nadhani ugomvi wa meza ndio ulikuwa ugomvi wa vita yote: nani ana haki ya kukaa kitini kuwasemea watu wa Kusini? Swali hilo lilikuwa na njia yake ya kujibiwa, yaani kura, na kura hiyo ilikwisha kuwekewa tarehe. Ilikataliwa. Vita ikazaliwa pale, na ilipokuja kutafutiwa suluhu miaka karibu ishirini baadaye, swali lilelile likaahirishwa tena.

Turudi mwanzo. Tarehe 2 Septemba 1945, katika uwanja wa Ba Dinh mjini Hanoi, Ho Chi Minh alitangaza uhuru wa nchi yake. Maneno ya kufungulia aliyachukua kwenye Azimio la Uhuru la Marekani la mwaka 1776, kwamba binadamu wote wameumbwa sawa. Alikuwa na sababu ya kuyachagua. Wiki chache kabla, maofisa wa ujasusi wa Marekani walikuwa msituni pamoja na wapiganaji wake wa Viet Minh, wakiwafundisha silaha za kupambana na Wajapani, na tabibu wao ndiye aliyemhudumia Ho alipokuwa anaumwa vibaya. Kaskazini ilikuwa imetoka kwenye njaa iliyoua mamia ya maelfu ya watu, na wapo wanaoihesabu hadi milioni mbili, huku mpunga ukichukuliwa kwa ajili ya Wajapani. Katika miezi iliyofuata Ho alimwandikia Rais Truman zaidi ya mara moja, akiomba Vietnam itendewe kama Ufilipino, ambayo Marekani ilikuwa imekubali kuipa uhuru. Barua zilifika. Hakuna aliyezijibu.

Je, Ho alikuwa mkomunisti? Ndiyo, na sikubaliani na wanaompaka rangi nyingine ili vita hii ieleweke kirahisi. Mwaka 1920 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha kikomunisti cha Ufaransa, na baadaye alisoma na kufanya kazi Moscow. Lakini mkulima wa bonde la Mto Mwekundu hakumfuata kwa sababu ya Marx. Alimfuata kwa sababu ya kodi ya Mfaransa, ya mwenye shamba, na ya watoto aliowazika mwaka wa njaa. Madai ya uhuru na imani ya ukomunisti yalikuwa yamesukwa ukili mmoja. Washington iliuona uzi mmoja tu.

Na kuna sababu iliuona huo. Marekani iliihitaji Ufaransa Ulaya dhidi ya Stalin, na Ufaransa ilitaka koloni lake lirudi. Mwaka 1949 China ikachukuliwa na Mao, na wanasiasa wa Marekani wakaanza kuulizana nani aliyeipoteza China, kana kwamba ilikuwa mali yao. Tangu hapo hakuna rais aliyetaka kuulizwa swali hilo kuhusu nchi nyingine. Mwezi Mei 1950, kabla hata Vita vya Korea havijaanza, Truman alikubali kuwasaidia Wafaransa. Ilipofika 1954, Marekani ilikuwa inalipa zaidi ya robo tatu ya gharama za vita ya Ufaransa.

Tarehe 7 Aprili mwaka huo Rais Eisenhower aliwaeleza waandishi wa habari picha iliyokuja kutawala sera ya nchi yake kwa miaka ishirini. Umezipanga kete za dhumna zimesimama msitari mmoja. Ukiisukuma ya kwanza, ya mwisho itaanguka upesi. Vietnam ikianguka, itafuata Laos, Kambodia, Thailand, na kuendelea. Sisi wa pwani tunazijua dhumna za barazani. Kete haina historia, haina jirani anayeichukia, haikumbuki kwamba kete ya pembeni iliwahi kuitawala kwa miaka elfu moja. Vietnam ilikuwa inakumbuka yote hayo kuhusu China. Kasoro hiyo ndiyo iliyoiponza nadharia nzima.

Mwezi mmoja baada ya maneno hayo, ngome ya Wafaransa ya Dien Bien Phu ilianguka. Hapa nataka msomaji aitazame baiskeli. Kila aliyewahi kumwona mchuuzi wa mkaa akiteremka na magunia yake barabarani anaijua picha: baiskeli haiendeshwi, inasukumwa. Watu wa Vo Nguyen Giap, jenerali wa Viet Minh, walifunga mwanzi kwenye usukani ili msukumaji aweze kutembea pembeni ya mzigo, wakafunga mwingine nyuma ya kiti wa kuizuia isiyumbe, wakapakia zaidi ya kilo 200 za mchele na risasi. Maelfu ya baiskeli hizo zilipita usiku kwenye njia za milimani. Mizinga mikubwa ilikokotwa kwa kamba na mikono ya watu hadi vilele ambavyo maofisa wa Kifaransa, wakiwa bondeni, walikuwa wamekwisha kuamua kwamba mzinga hauwezi kufika. Tarehe 7 Mei 1954, baada ya siku 56 za mapigano, ngome ilisalimu amri. Kesho yake mazungumzo kuhusu Indochina yakafunguliwa Geneva.

Makubaliano ya Geneva ya Julai 1954 yaliigawa nchi kwenye latitudo ya nyuzi 17. Yalisema wazi kwamba mstari huo ni wa muda na si mpaka wa kisiasa, na kwamba Julai 1956 nchi nzima ingepiga kura. Inafaa kukumbuka kwamba Viet Minh hawakuupenda mgawanyo huo. China na Urusi ndizo zilizowasukuma waukubali, kwa maslahi yao wenyewe. Walikubali kwa sababu waliamini sanduku la kura litawapa kilichobaki. Eisenhower aliamini vivyo hivyo. Aliandika baadaye kwamba kama kura ingepigwa wakati wa mapigano yale, huenda asilimia 80 ya watu wangemchagua Ho Chi Minh kuliko mfalme Bao Dai.

Kura ya 1956 haikupigwa. Ngo Dinh Diem, aliyeshika Kusini kwa msaada wa Marekani, alikataa, akisema Kaskazini hapawezi kuwa na kura huru. Hoja yake haikuwa ya bure. Mageuzi ya ardhi ya Kaskazini yaliua maelfu ya watu, na chama chenyewe kilikuja kukiri makosa. Watu karibu milioni moja, wengi wao Wakatoliki, walikimbilia Kusini baada ya Geneva, wengine wakiwa na kifurushi kimoja na watoto mgongoni. Hao hawakuwa vibaraka wa mtu. Waliogopa kwa haki kabisa.

Ila Diem naye alikuwa na namna yake ya kuhesabu kura. Mwaka 1955 aliitisha kura ya maoni kati yake na Bao Dai. Washauri wa Kimarekani walimwambia atosheke na asilimia 60 au 70. Alijitangazia asilimia 98. Mjini Saigon alipata kura zaidi ya 600,000, na walioandikishwa walikuwa 450,000. Mtu wa namna hiyo alipolalamika kwamba upande wa pili hautaendesha uchaguzi wa haki, ni nani angemsikiliza?

Mlango wa kura ulipofungwa, watu wa msituni walirudi msituni. Umoja wa Ukombozi ulianzishwa Desemba 1960, kwa amri na msaada wa Hanoi, naam, lakini ukiwa na wanachama tele wa Kusini waliochoshwa na magereza ya Diem na wenye mashamba waliorudishwa na askari. Jibu la serikali lilikuwa kuwahamisha wanavijiji na kuwaweka ndani ya uzio wa mianzi na waya, walindwe wasilishe waasi. Mshauri wa mpango huo alikuwa Mwingereza Robert Thompson, aliyeutumia Malaya. Wazee wa Murang'a na Nyeri hawahitaji kuelezwa; Mwingereza aliwafanyia hivyohivyo mwaka 1954, wakati wa Mau Mau. Mtu unayemtoa kwenye makaburi ya babu zake na kumfungia nyuma ya waya hawezi kukuona kama mlinzi wake. Tarehe 11 Juni 1963 mtawa wa Kibudha, Thich Quang Duc, alikaa katikati ya njia panda ya Saigon akajiwasha moto kupinga mateso ya Wabudha, bila kutikisika hadi alipoanguka. Novemba mwaka huo majenerali walimpindua Diem na kumuua, Washington ikiwa na habari.

Aliyerithi tatizo ni Rais Lyndon Johnson, na hapa ndipo ninapopata uchungu zaidi kila ninaposoma historia hii, kwa sababu viongozi walijua. Tarehe 27 Mei 1964, kwenye simu iliyorekodiwa, Johnson alimwambia mshauri wake McGeorge Bundy kwamba haoni kama Vietnam inastahili kupiganiwa, na haoni pia namna ya kujitoa. Miezi miwili baadaye, Agosti 1964, ikaja habari ya Ghuba ya Tonkin. Shambulio la tarehe 2 dhidi ya manowari Maddox lilitokea kweli. La tarehe 4, ambalo Johnson alilitumia kuomba mamlaka ya vita, halikutokea. Rubani James Stockdale, aliyekuwa akizunguka juu ya bahari usiku ule, alisema baadaye kwamba hakuona mashua hata moja, na uchunguzi wa ndani wa idara ya usikilizaji wa mawasiliano ya siri, uliotolewa hadharani mwaka 2005, ulifikia hukumu hiyohiyo. Baraza la Wawakilishi lilipitisha azimio kwa kura 416 bila ya kupinga hata moja. Katika Seneti waliopinga walikuwa wawili tu, Wayne Morse na Ernest Gruening.

Machi 1965 wanajeshi 3,500 wa majini waliteremka ufukweni Da Nang. Mwezi huohuo John McNaughton, msaidizi wa Waziri wa Ulinzi Robert McNamara, aliandika waraka wa ndani kuyapima malengo ya Marekani kwa asilimia: 70, kuepuka aibu ya kushindwa, 20, kuizuia China isiichukue Kusini, 10, kuwawezesha watu wa Vietnam Kusini waishi maisha bora na huru. Soma namba hizo tena. Hotubani ile asilimia 10 ndiyo iliyokuwa ikitangazwa kama ndiyo yote. Kijana aliyeitwa jeshini hakuambiwa kwamba sehemu kubwa ya anachokwenda kufia ni heshima ya wakubwa.

Na aliyeitwa hakuwa kila kijana. Karibu milioni mbili waliandikishwa kwa lazima, lakini mwenye ada ya chuo kikuu aliahirishiwa, na mwenye daktari wa familia alipata cheti. Walioenda zaidi ni wana wa wafanyakazi, weusi kwa weupe. Muhammad Ali alikataa kuapishwa jeshini Aprili 1967, akanyang'anywa ubingwa na leseni, akakaa nje ya ulingo miaka yake bora hadi mahakama kuu kabisa ilipofuta hatia yake mwaka 1971. Martin Luther King alipoipinga vita hadharani mwezi huohuo wa Aprili 1967, magazeti makubwa yalimshambulia na baadhi ya viongozi wenzake wa haki za raia wakajitenga naye.

Ufa haukuwa kati ya wapenda vita na wapenda amani tu. Tarehe 4 Mei 1970 askari wa Ohio waliwapiga risasi wanafunzi wa Kent State, wakafa wanne. Siku nne baadaye, New York, mafundi ujenzi wenye kofia ngumu waliwavamia na kuwapiga wanafunzi waliokuwa wakiomboleza. Fundi aliyekuwa na mtoto wake Vietnam alimwona mwanafunzi aliyesamehewa kwenda akiichana bendera, na hasira yake ilikuwa na mantiki hata kama ngumi yake haikuwa nayo. Waliowatenganisha wawili hao walikuwa ofisini.

Mwaka 1968 ulivunja kila kitu. Mashambulio ya wakomunisti wakati wa Tet, mwaka mpya wa Kivietnam, mwisho wa Januari, yalishindwa kijeshi, lakini yalifika hadi ndani ya uzio wa ubalozi wa Marekani Saigon, baada ya majenerali kusema ushindi unakaribia. Mjini Hue, wapiganaji wa upande wa kikomunisti waliwaua raia na kuwafukia. Miili ipatayo 2,800 ilifukuliwa baadaye. Tarehe 16 Machi, kijijini My Lai, askari wa Marekani waliua wanawake, watoto na wazee, 504 kwa hesabu ya Wavietnam wenyewe, na rubani wa helikopta Hugh Thompson akalazimika kutua kati ya askari wenzake na wanakijiji ili awaokoe waliobaki. Mwisho wa mwezi Johnson akatangaza hagombei tena.

Ndipo yakaja mazungumzo ya Paris. Oktoba 1968 yalionekana kukaribia kuzaa kitu. Maandishi ya msaidizi wa Richard Nixon, H. R. Haldeman, yanaonyesha kwamba Nixon, aliyekuwa akigombea urais, aliagiza yavurugwe, na ujumbe ukapelekwa kwa Rais Nguyen Van Thieu wa Saigon asiende Paris, asubiri atapata mkataba bora chini ya Nixon. Thieu alisubiri. Nixon alishinda. Wamarekani wengine zaidi ya 20,000 walikufa, na Wavietnam ambao idadi yao hakuna aliyeiandika kwa uangalifu kama huo.

Mkataba uliotiwa saini Paris tarehe 27 Januari 1973 uliyaondoa majeshi ya Marekani na kurudisha mateka wake 591. Uliwaacha askari wa Kaskazini palepale walipokuwa, ndani ya Kusini. Je, swali la meza, nani mwenye Kusini? Mkataba ulisema litaamuliwa kwa uchaguzi, utakaoandaliwa na baraza la maridhiano ambalo wajumbe wake wangefanya kila uamuzi kwa kauli moja. Kauli moja, kati ya watu waliokuwa wakiuana! Henry Kissinger wa Marekani na Le Duc Tho wa Hanoi, waliouandika kwa miaka ya vikao vya siri, walijua baraza hilo halitaandaa uchaguzi wowote. Hii ilikuwa amani ya funika kombe mwanaharamu apite, na mwenye kupita alikuwa Mmarekani. Thieu alilia na kukataa. Nixon akamtisha kumwacha mkono, kisha akamwandikia kwa siri kwamba Hanoi ikivunja mkataba Marekani itajibu kwa nguvu zote. Bunge la Marekani halikuwa sehemu ya ahadi hiyo, na katikati ya Agosti 1973 likakata fedha za mabomu Indochina nzima. Wawili hao walipotunukiwa Nobel ya Amani mwaka huo, Le Duc Tho aliikataa, akisema amani bado haijapatikana. Siwapendi viongozi wa Hanoi, lakini katika hilo alisema kweli.

Tarehe 30 Aprili 1975 vifaru viliangusha lango la ikulu ya Saigon. Kura ilipigwa hatimaye Aprili 1976, nchi nzima, miaka ishirini baada ya tarehe yake ya kwanza, na wakati huo hapakuwa na wa kushindana. Walioshindwa walipelekwa kwenye kambi za kuelimishwa upya, maelfu kwa maelfu, wengine wakakaa humo zaidi ya miaka kumi. Karibu watu 800,000 walifika nchi nyingine kwa mashua. Waliomezwa na bahari hawana hesabu.

Na dhumna? Laos na Kambodia ziliangukia wakomunisti. Thailand haikuanguka, wala Malaysia. Nchi za kikomunisti zenyewe ziligeukiana. Desemba 1978 Vietnam iliivamia Kambodia ya Pol Pot, na Februari 1979 China ikaivamia Vietnam. Ukuta mmoja mwekundu uliohofiwa tangu 1950 haukuwahi kuwepo, na mtu yeyote wa Hanoi angeweza kuwaambia hivyo kama angeulizwa. McNamara alikiri mwaka 1995 kwamba walikosea, walikosea vibaya. Majina zaidi ya 58,000 yalikwisha kuchongwa ukutani Washington. Kwa upande wa Vietnam, serikali yake ilitaja mwaka huohuo raia milioni mbili na wapiganaji milioni moja na laki moja, bila kuwahesabu askari wa Saigon.

Mwaka 1995 Marekani na Vietnam zilirudisha uhusiano wa kibalozi. Walioisukuma kazi hiyo Washington walikuwa John McCain, aliyefungwa Hanoi miaka mitano na nusu, na John Kerry, aliyerudi kutoka vitani akaiuliza Seneti utamwombaje mtu awe wa mwisho kufa kwa ajili ya kosa. Leo meli za kivita za Marekani hutia nanga Da Nang. Maridhiano hayo ni ya kweli, nayafurahia.

Wavietnam kwa Wavietnam ndio ambao bado. Hanoi tarehe 30 Aprili ni sikukuu ya ukombozi. Huko Westminster, California, wakimbizi na wajukuu wao huiita Aprili Nyeusi na kupandisha bendera ya njano yenye mistari mitatu myekundu, bendera ya nchi isiyokuwepo. Vo Van Kiet alikuwa mkomunisti wa Kusini, mpiganaji wa msituni aliyekuja kuwa waziri mkuu. Mkewe na watoto wao wawili waliuawa mwaka 1966 katika shambulio la Wamarekani. Mwaka 2005, katika miaka thelathini ya ushindi wa upande wake, alisema kwamba siku hiyo ikitajwa kuna mamilioni wanaofurahi, na kuna mamilioni wanaohuzunika.